Jua la Jumapili linamwagika: barua ya wazi kwa Wizara ya Kawi, EPRA na Kenya Power

Mheshimiwa Waziri wa Kawi na Petroli,
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA),
Mkurugenzi Mkuu na bodi ya Kenya Power,

Nawasalimu nyote kwa heshima zenu kutoka Mombasa. Mimi ni fundi wa umeme wa viwandani. Kazi yangu ni kuhakikisha mashine zinazunguka, na kwamba bili ikija mwisho wa mwezi haimpandishi mwenye kiwanda presha. Miaka ya karibuni sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia juu ya mabati, kwenye paneli za sola, na huko juu naona jambo ambalo nahofia kwenye meza zenu linaonekana nusu. Kampuni kubwa zinapunguza gharama zao kwa jua. Ni haki yao na ni akili. Lakini bei zetu za umeme zimepangwa kwa namna ambayo kila yuniti wanayookoa wao, kipande cha mzigo wake kinahamia kwa mama wa Kisauni anayenunua tokeni ya shilingi hamsini. Na nikisikia fununu kwamba dawa ni kuibana sola, ndipo nikaona niandike.

Tuanze na walivyofika hapo. Wenye viwanda hawakupanda paani kwa mapenzi ya mazingira, ingawa mabango yao getini husema hivyo. Walipanda baada ya kupiga hesabu. Mwaka 2014 shamba la chai la Changoi, la Williamson Tea, liliwekewa paneli za megawati 1, wakati ambapo sisi mafundi wengi tulijua sola kuwa ni kitu cha kuwashia taa na redio. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Strathmore kikaweka kilowati 600 juu ya majengo yake. Mwaka 2015 duka kubwa la Garden City, Nairobi, likafunika maegesho yake kwa paneli za kilowati 858, magari yakapata kivuli na maduka yakapata stima. Hapa kwetu, uwanja wa ndege wa Moi ulipata paneli za takriban kilowati 500 kwa mradi wa ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Ulaya, ili ndege iliyoegeshwa isilazimike kuwasha injini yake ndogo kwa ajili ya taa na kiyoyozi. Wakati huo yalikuwa mambo ya kupigwa picha. Leo takwimu za EPRA zenyewe zinaonyesha umeme wa watu kujizalishia, ukijumlisha sola, mabaki ya miwa na mwingineo, umevuka megawati 500. Nchi yenyewe kilele chake cha matumizi kilivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Megawati 500 kando ya hizo si kitu cha kufumbia macho.

Ukitaka kuelewa kwa nini, shika bili ya kiwanda uisome mstari kwa mstari. Kuna bei ya yuniti. Kuna malipo ya mzigo wa juu, yale yanayohesabiwa kwa kVA, kipimo cha nguvu yote ambayo kiwanda kinavuta kwa wakati mmoja: mita hukamata kile kipindi kifupi ambacho kiwanda kilivuta umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwezi, na hicho ndicho unacholipia mwezi mzima, hata kama kilitokea mara moja fundi alipowasha mashine tatu kwa pamoja. Kuna gharama ya mafuta ya mitambo ya dizeli. Kuna marekebisho ya fedha za kigeni, kuna ya mfumko wa bei, kuna tozo ya maji, kuna tozo ya EPRA, kuna asilimia 5 ya kusambaza umeme mashambani, kisha VAT asilimia 16. Nusu ya mistari hiyo hubadilika kila mwezi. Meneja wa fedha akiketi Januari kupanga bajeti, hawezi kukwambia yuniti moja itamgharimu pesa ngapi Agosti, na huku ameshakubaliana bei ya bidhaa na mnunuzi wa Kampala au Kigali.

Hapo ndipo sola inapomnasa. Watu hudhani anachonunua ni umeme wa bei rahisi. Ni kweli ni rahisi, ila kinachomlaza usingizi ni kwamba anaijua bei yake mapema. Mwenye mtaji hununua mitambo mwenyewe, akajua pesa zake zitarudi baada ya miaka kadhaa, na kwamba paneli zitaendelea kutoa umeme kwa miaka 20 na zaidi. Asiye na mtaji, au asiyetaka kuufungia juu ya mabati, huingia mkataba na kampuni ya sola: wao wanaleta paneli, wanazifunga, wanazitunza, naye analipia yuniti zilizotoka kwa miaka 15 au 20, kwa bei iliyo chini ya ile ya gridi. Mikataba mingine husainiwa kwa dola, na hapo kuna somo chungu. Januari 2024 dola ilipovuka shilingi 160, kuna mameneja waliogundua kwamba jua la Changamwe walikuwa wakiuziwa kwa fedha ya Marekani. Shilingi iliporudi karibu 129, wakapumua.

Na serikali yenyewe haijasaidia sana katika hili la kutabirika. Sheria ya Fedha ya 2020 iliweka VAT kwenye vifaa vya sola. Ya 2021 ikaiondoa. Mradi wa miaka 20 unapopigiwa hesabu, sheria inayobadilika ndani ya mwaka mmoja huongeza riba ya benki hata kama imerudi ilivyokuwa.

Sasa nizungumzie mambo ambayo wauzaji wa sola hawayasemi kwa sauti, kwa sababu yanawahusu ninyi moja kwa moja.

Paneli za Pwani hutoa wastani wa yuniti 4 hivi kwa siku kwa kila kilowati. Joto letu huzipunguza: paneli hupimwa maabara kwa nyuzi 25, na juu ya mabati ya Mombasa saa saba mchana huwa nyuzi 60 au zaidi, kwa hivyo zaidi ya asilimia 10 ya nguvu hupotea papo hapo. Kuna chumvi ya bahari inayokula vifungo, na karibu na viwanda vya saruji kuna vumbi ambalo likikutana na umande wa alfajiri huganda kama plasta. Ukiosha kwa maji ya kisima yenye chumvi unaacha madoa. Hayo yote tunayaweza. Ni kazi ya mikono.

Tusiyoyaweza ni ya saa. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu. Kilele cha matumizi ya nchi huja kati ya saa moja na saa tatu usiku, watu wanapopika na kuwasha televisheni. Kiwanda chenye zamu ya usiku kinavuta wakati huohuo. Kwa hivyo kile kipindi kifupi cha kVA kikiangukia jioni, sola haikipunguzi hata chembe, na kampuni inaendelea kulipia uwezo uleule wa laini na transfoma. Isitoshe, inveta za sola, vile vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika kiwandani, kwa kawaida hutoa ule umeme wa kufanya kazi na kuacha ule wa kulisha sumaku za mota uendelee kutoka gridini. Mita inaona mtu anayechukua kidogo cha ule mzuri na kingi cha ule mwingine, na ghafla kiwanda ambacho hakijawahi kupigwa faini ya pawafakta, yaani uwiano wa umeme unaofanya kazi na wote uliovutwa, kinashuka chini ya 0.9 na kuanza kulipishwa. Wenye akili hununua kapasita au kurekebisha inveta. Wengine hushangaa mwaka mzima kwa nini akiba waliyoahidiwa haionekani.

Na stima ikipotea, sola nayo hupotea. Watu wa nje hawaamini hili. Inveta ya kawaida imetengenezwa ijizime gridi inapozimika, ili isimuue fundi wa laini anayedhani nyaya hazina moto. Ijumaa ya 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilipoingia gizani, na tena Novemba na Desemba ya mwaka huohuo, paneli zisizo na betri wala jenereta za kuziongoza zilikuwa mapambo tu. Ndiyo maana kampuni kubwa bado zinawahitaji. Zinahitaji gridi yenu usiku, zinaihitaji mawingu ya masika yanapokaa wiki nzima, zinaihitaji mashine nzito inapoanza kuzunguka. Hazijaondoka. Zimepunguza tu yale manunuzi yaliyokuwa yakiwalipa ninyi gharama za kuwahudumia.

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Gharama nyingi za umeme wa Kenya hazipungui mtu akitumia kidogo. Mikataba ya kununua umeme inawataka mlipe mitambo kwa kuwa tayari, iwe imezalisha au la. Shamba la upepo la Ziwa Turkana, lenye megawati 310, lilikamilika mapema 2017, lakini laini ya kulitoa umeme Loiyangalani ikaja kukamilika Septemba 2018, na katikati pakawa na fidia ya umeme ambao haukumfikia mtu. Kamati iliyoongozwa na John Ngumi mwaka 2021 ilipewa kazi ya kupitia mikataba hii kwa sababu kila mtu alishaona mahali pesa zinapovujia. Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini, usiku wa manane mvuke huachiwa hewani kwa kukosa mnunuzi, na visima vyake vilishachimbwa kwa mikopo. Tokea Novemba 2022 tunanunua umeme wa Ethiopia kwa mkataba wa miaka 25, ulioanza na megawati 200. Ongeza nyaya, nguzo, transfoma, na umeme unaopotea njiani na kwa wizi, ambao kwa miaka mingi umezidi asilimia 20 ya ule mnaonunua.

Ni sawa na basi la kukodi kwenda harusini Malindi. Wale wenye mchango mkubwa wakishuka Mtwapa kwa sababu wamepata gari lao, kodi ya basi haipungui, na waliobaki viti vya nyuma ndio wanaojazia. Tena usiku wale walioshuka watataka wajue basi lipo, kwa kuwa gari lao halina taa.

Haya si mambo ya kubuni. Pakistan mwaka 2024 iliagiza paneli zenye uwezo wa takriban gigawati 17 kutoka China, kwa sababu bei ya gridi, iliyobebeshwa malipo ya mitambo isiyotumika, ilifukuza wenye uwezo. Kila aliyeondoka aliwaachia waliobaki bili kubwa zaidi, na bili kubwa zaidi ikawafukuza wengine. Afrika Kusini ilichukua njia ndefu: hadi 2021 mtu hakuruhusiwa kuzidi megawati 1 bila leseni, mwaka huo kikomo kikapandishwa hadi megawati 100, kisha kikaondolewa kabisa. Mgodi wa South Deep wa Gold Fields ukafungua mitambo yake ya megawati 50 mwaka 2022, katikati ya miaka ya migao mibaya ya umeme ya Eskom, kampuni ya umeme ya taifa. Sola ya kampuni na ya nyumba ilisaidia kweli kuipunguzia Eskom mzigo. Lakini walipoanza kupumua kutoka kwenye migao, mapato yalikuwa yametoboka. Tangu Aprili 2025 Eskom imeanza kutenganisha gharama za mtandao na za uwezo wa mitambo kutoka kwenye bei ya yuniti, na ikageuza saa za bei: urefu wa kilele cha asubuhi umepunguzwa kutoka masaa matatu hadi mawili, wa jioni umeongezwa kutoka mawili hadi matatu. Wamekubali kwamba mchana sasa ni wa jua, na ghali ni jioni. Sisi tuna bahati ya kuyaona hayo kabla hatujafika huko.

Nirudi kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu nalitazama kwa macho yangu. Kiwanda chenye sola iliyovuka kidogo megawati 1 hufanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili mashine zimelala, kumebaki taa za ulinzi, pampu na chumba cha baridi. Jua halijui Jumapili wala Idi. Paneli zingeweza kutoa yuniti 4,000 hivi siku hiyo. Lakini kwa kuwa kiwanda hakina ruhusa ya kurudisha umeme gridini, tumefunga kifaa kinachoziambia inveta zijipunguze zilingane na kile kidogo kinachotumika ndani. Unakaa chumba cha kudhibiti unaona grafu imelala chini huku nje mtu hawezi kukanyaga lami kwa miguu mitupu. Yuniti 4,000 ni matumizi ya mwezi mzima ya nyumba 80 zinazotumia yuniti 50 kila moja. Nyingi zinamwagika. Si kwa hitilafu. Tumelipia kifaa ili zimwagike. Na ukizungusha macho juu ya mapaa ya Changamwe, Shimanzi, Miritini hadi Mariakani, utaona ni viwanda vingapi.

Najua mtaniambia kuna kanuni. Sheria ya Kawi ya 2019, kifungu cha 162, iliruhusu mwenye mitambo isiyozidi megawati 1 kuingia mkataba wa kurudisha umeme kwenye gridi, na kanuni zake zilitoka 2024, miaka mitano baadaye. Kwa kila yuniti unayorudisha unahesabiwa nusu. Hiyo nusu siilalamikii. Laini si yangu, transfoma si yangu, na mwenye kutaka umeme wa usiku badala ya ule wa mchana ni mimi. Wenzangu wengi wa sola watanikasirikia kwa kusema hivyo, lakini kumpa mtu yuniti nzima ya jioni kwa yuniti ya saa sita mchana ni kumfanya mama wa tokeni amlipie tofauti.

Nalalamikia kikomo. Megawati 1 ndiyo mstari ule ambao ukiuvuka unahitaji pia leseni, kwa hivyo kampuni kubwa hujenga ama chini yake kidogo na kuacha nusu ya paa wazi, ama juu yake na kukubali kumwaga Jumapili zote. Wale wenye mapaa makubwa zaidi, ambao wangeweza kuifaa gridi zaidi, ndio waliofungiwa nje.

Mhandisi wa gridi atauliza: Jumapili mchana nani anautaka umeme huo, na viwanda vimefungwa? Swali zuri, na jibu liko Mto Tana. Masinga na mabwawa yaliyo chini yake yana jambo ambalo sola haina: yanaweza kusubiri. Maji ambayo hayakupitishwa kwenye mitambo Jumapili mchana yapo bado Jumapili usiku. Kila yuniti ya jua la Mombasa inayoingia gridini saa sita mchana inaweza kuwa yuniti ya maji iliyobaki Masinga hadi saa mbili usiku, saa ambayo vinginevyo mngewasha dizeli ya Kipevu au Rabai na kutuletea gharama ya mafuta kwenye bili. Kuna mipaka, ndiyo: mvua kubwa bwawa likijaa hakuna cha kusubiri, na mvuke wa Olkaria haupendi kupandishwa na kushushwa. Lakini miaka ya ukame, kama ile ya 2022, bwawa hilo lilikuwa likililia tone. Betri tunayo tayari, tuliijenga tangu 1981, na tunajadili kuagiza nyingine.

Kwa Pwani kuna faida ya pili. Sisi tuko mwisho wa laini. Umeme mwingi tunaotumia hutoka bara kwa nyaya za mamia ya kilomita, ukipungua njiani. Umeme unaozalishwa Miritini ukatumika Mikindani haupotezi hivyo.

Basi ninachowaomba. Kwanza kabisa, chagueni Mombasa na Kilifi kuwa mahali pa majaribio, mnunue ziada ya viwanda vilivyozidi megawati 1 kwa siku za mapumziko na sikukuu, kwa bei ya chini, chini hata ya nusu mkitaka. Mwenye kiwanda atakubali, kwa sababu leo anapata sufuri. Sharti liwe kwamba inveta zake ziweze kushushwa na chumba chenu cha kudhibiti mambo yakizidi. Inveta za leo zinaweza hilo. Ni suala la kuunganisha mawasiliano na kuandikiana mkataba mfupi unaoeleweka.

Pamoja na hilo, tangazeni hadharani kila kituo kidogo cha umeme kinaweza kupokea kiasi gani cha sola kabla volti hazijapanda kupita kiasi. Kwa sasa mtu hupeleka maombi bila kujua, akajenga matumaini na ramani, kisha akaambiwa laini yake haiwezi. Wahandisi wenu wanazo hesabu hizo au wanaweza kuzipata.

Halafu kuna bei yenyewe, na hapa naomba ujasiri kwa sababu viwanda havitaipenda sentensi inayofuata. Tozeni gharama za laini na za kuwa tayari kama zilivyo, mstari wake peke yake, kulingana na ukubwa wa muunganisho wa kampuni, iwe ina sola au haina. Na kwa kiasi hichohicho shusheni bei ya yuniti. Kampuni yenye sola italipa haki yake ya kutegemea gridi usiku. Kampuni isiyo na sola haitaona tofauti kubwa. Na nyumba ndogo zilindwe: yale madaraja yaliyotangazwa Machi 2023, ya wanaotumia hadi yuniti 30 na hadi yuniti 100 kwa mwezi, yasibebeshwe mstari huu mpya kwa mlango wa nyuma. Mkishindwa kufanya hivyo mtabaki na njia moja tu, ya kupandisha yuniti, na kila mnapopandisha, muuza sola anapata tangazo la bure.

Bei ya usiku nayo itazamwe upya. Desemba 2017 mlianzisha punguzo la nusu ya bei ya yuniti kwa viwanda vinavyotumia umeme saa ambazo nchi imelala, mkifikiria ule mvuke unaopotea. Lilikuwa jambo jema. Lakini lilianza na sharti la kuvuka kwanza kiwango fulani cha matumizi, na sharti la namna hiyo humuumiza aliyeweka sola, kwa sababu matumizi yake ya mchana yameshuka. Mtu wa namna hiyo ndiye hasa mnayepaswa kumuuzia usiku: mchana anajitegemea kwa jua, usiku wa manane ananunua mvuke wa Olkaria ambao mngeuachia hewani. Mpeni punguzo bila masharti ya jana, na muone ni viwanda vingapi vitahamisha tanuri, visagio na vyumba vya baridi kutoka saa mbili usiku kwenda saa saba usiku. Mimi mwenyewe nawajua mameneja ambao wangehamisha zamu kesho, vyama vya wafanyakazi vikiridhika na usafiri wa usiku.

Kuhusu mikataba ya dola sina mengi: EPRA mnapotoa leseni, mna nafasi ya kuona mkataba umeandikwa kwa fedha gani. Mwenye kiwanda anayeuza kwa shilingi aambiwe wazi hatari anayoibeba, na kampuni ya sola inayokopa shilingi hapa nchini ipewe njia nyepesi.

Mafundi nao wasisahaulike. Tangu kanuni za 2012 fundi wa sola anatakiwa awe na leseni ya EPRA, kwa madaraja. Utaratibu mzuri, ila kwenye mapaa ya Pwani bado nakuta nyaya zinazotoka kwenye paneli zilizolala juu ya mabati makali bila bomba, na viunganishi vya aina mbili vilivyolazimishwa kushikana. Umeme wa paneli hauna swichi ya kuuzima maadamu jua linawaka. Moto wake ukianza, zimamoto wa kaunti wanamwagia maji kitu chenye volti mia kadhaa. Wakaguzi wapandeni ngazi. Karatasi za ofisini hazionyeshi waya uliochubuka.

Mnapoita wananchi kutoa maoni juu ya bei, mikutano huwa asubuhi ya siku ya kazi, hotelini, na wanaofika ni mawakili wa kampuni kubwa na sisi wachache tulioombewa ruhusa. Iteni mmoja jioni, Kisauni au Likoni, baada ya saa kumi na moja, ili yule wa tokeni ya shilingi hamsini naye awepo wakati hizi gharama zinagawanywa. Nitakuja na bili za kiwanda, zilizofutwa jina, mtu yeyote azisome. Ninyi njooni na hesabu za Masinga, saa kwa saa, za Jumapili nne zilizopita.

Wenu,
Fundi wa umeme wa viwandani, Mombasa